Tovuti ya masasisho imegoma kufunguka: maswali tunayoulizwa kila wiki dukani, Mwanza

Hapa dukani kwetu Kirumba watu huleta kompyuta wakisema intaneti imekufa. Tukiiwasha tunakuta WhatsApp inafunguka, YouTube inacheza, na matokeo ya NECTA yanaonekana. Kilichogoma ni ukurasa wa kupakua masasisho tu, yale ambayo wengi tunayaita apdeti. Wengine wameshaambiwa na fundi kwamba dawa ni kupiga Windows upya. Mara nyingi haihitajiki. Kuna mpangilio mmoja umekaa vibaya, na ukiujua unaurekebisha mwenyewe ukiwa umekaa nyumbani.

Maswali nimeyaandika jinsi yanavyofika kaunta. Maneno ya kwenye skrini nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu kompyuta nyingi za huku zimewekwa hivyo. Anza na swali la kwanza hata kama unadhani halikuhusu.

Nikifungua ukurasa wa masasisho naambiwa muunganisho si salama. Nianzie wapi?

Tazama saa na tarehe, kona ya chini kulia ya skrini. Tazama na mwaka pia.

Kila tovuti yenye https mwanzoni mwa anwani yake ina cheti, hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba ndiyo yenyewe, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Fikiria mzani wa samaki pale Mwaloni. Wakala wa Vipimo wakiukagua, wanabandika stika yenye mwaka. Mnunuzi ambaye kalenda yake imesimama mwaka 2015 akiitazama stika ya mwaka huu, ataona haina maana. Kivinjari hufanya hivyohivyo. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni Januari 2015, itaona vyeti vyote halali kana kwamba bado havijaanza kazi, nayo itakataa kuingia. Ujumbe wake kwenye Chrome na Edge ni NET::ERR_CERT_DATE_INVALID.

Jambo hili linazidi kuwa zito. Tangu Septemba 2020 cheti cha tovuti hakiruhusiwi kuishi zaidi ya siku 398. Kanuni mpya zinaushusha umri huo hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, kisha siku 47 ifikapo Machi 2029. Zamani kompyuta iliyokuwa nyuma miezi minane iliweza kupita bila kuguswa. Siku zinazokuja haitapita.

Kwa nini saa inarudi nyuma kila nikizima?

Betri ndogo iliyo kwenye mazabodi imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ya duara, bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kutunza saa wakati umeme haupo. Mashine inayokaa kwenye soketi bila kuzimwa ukutani inaweza kuficha ugonjwa huu kwa muda mrefu, mpaka siku umeme wa mtaa unapokatika, au unapochomoa waya ili usafishe meza. Ukiwasha tena, tarehe imerudi ilikotoka kiwandani.

Kubadilisha betri hiyo ni kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo. Kwenye laptopu mara nyingine imeunganishwa kwa waya mdogo, basi mpe fundi aifungue.

Ukishabadilisha, weka tarehe kwa mkono kwanza, ndipo ubonyeze Sync now kwenye Date & time. Utaratibu huu watu wengi huukosea. Windows ya nyumbani, kwa kawaida, haikubali kuivuta saa iliyopotea kwa zaidi ya saa 15. Ukibonyeza Sync now ukiwa bado mwaka 2015 itakuambia imeshindwa, na utadhani intaneti ndiyo mbovu.

Saa yangu iko sahihi kabisa na bado nakataliwa. Inawezekanaje?

Tazama kanda ya saa, palipoandikwa Time zone. Laptopu nyingi za mtumba huingia Mwanza zikiwa bado na kanda ya Marekani ya magharibi (Pacific Time). Mwenye mashine anaona saa haiendani na ya ukutani, anaisogeza kwa mkono mpaka zilingane, anaridhika. Lakini kwa ndani kompyuta hupiga hesabu kwa saa ya dunia, na sasa imepotea kwa saa kumi au kumi na moja. Chagua kanda ya UTC+03:00 iliyoandikwa Nairobi, ndiyo yetu pia, kisha uipatanishe saa upya.

Lipo na kosa la kwetu wenyewe. Mtu anatazama nje, anajua ni saa nane mchana, anaandika 8:00. Kompyuta haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa nane mchana kwake ni 2:00 PM au 14:00. Tofauti ya saa sita si mara zote itafunga tovuti, ila cheti kilichotolewa asubuhi ya leo kitaonekana bado hakijaanza, na utahangaika siku nzima na kosa ambalo kesho litaondoka lenyewe bila kuelezeka.

Kuna kitufe cha Advanced, halafu Proceed. Nikibonyeza inafunguka. Kuna ubaya gani?

Kwa tovuti ya masasisho, usibonyeze. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona madhara yake. Sasisho ni programu unayoipa ruhusa ya kuingia ndani kabisa ya mashine yako. Mahali pa mwisho pa kukubali mgeni asiye na kitambulisho ni hapo. Ukiona onyo, tafuta sababu yake, na ukishaitibu onyo litaondoka. Tovuti nyingi kubwa zimeshakiondoa kitufe hicho kwa makusudi, kwa hiyo usipokikuta usidhani kompyuta yako ina tatizo jingine.

Naona ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED. Proksi ni nini, na mimi sijaweka chochote?

Proksi ni kituo cha katikati: badala ya kivinjari kwenda moja kwa moja kwenye tovuti, kinapitia kwanza kwenye kompyuta nyingine. Maofisi na vyuo huweka ili kudhibiti mtandao wao. Mwanafunzi aliyewekewa proksi ya chuo akirudi nyumbani Igoma na laptopu yake, kituo kile hakipo, na kila kitu kinasimama.

Kwenye Windows 10 na 11 ingia Settings, halafu Network & internet, halafu Proxy. Zima Use a proxy server. Acha Automatically detect settings ikiwa imewashwa.

Kuna mambo mawili ya kujua hapa. La kwanza, Chrome na Edge hufuata mpangilio wa Windows, lakini Firefox ina wake. Ndiyo maana mtu ananiambia kwenye Chrome inakataa na kwenye Firefox inafunguka, au kinyume chake. Kwenye Firefox nenda Settings, shuka hadi chini kabisa kwenye Network Settings, uchague Use system proxy settings. La pili, huduma ya masasisho ya Windows yenyewe inaweza kushika proksi ambayo huioni kwenye kivinjari. Fungua Command Prompt kama msimamizi (Run as administrator), uandike netsh winhttp show proxy. Ikikuonyesha anwani usiyoijua, na kompyuta si ya ofisi, andika netsh winhttp reset proxy.

Ukiizima na baada ya kuwasha upya ukaikuta imejiwasha, kuna programu inayoirudisha, na mara nyingi ni ile hasidi. Nenda hapo chini kwenye swali la tovuti za Microsoft na za antivirusi kugoma, penye maelezo ya faili la hosts.

Nilikuwa natumia programu ya intaneti ya bure, nimeifuta. Inahusika?

Inahusika sana. Programu zile zinazoahidi intaneti bila bando hufanya kazi kwa kupitisha mawasiliano yako yote kwenye proksi au VPN (njia iliyofungwa inayopitia kompyuta nyingine) ya mtu usiyemjua. Ukiifuta, mpangilio wake hubaki nyuma kama nanga iliyokatika kamba. Zima proksi kama nilivyoeleza, kisha ingia kwenye VPN ndani ya Settings ufute chochote kilichobaki. Baadhi ya programu hizo huweka pia cheti chao ndani ya mashine ili ziweze kusoma mawasiliano yaliyofungwa. Hicho nacho kinafaa kuondolewa, na kama hujui kukitafuta, lete tukitafute pamoja.

Na kwa wanaotumia VPN kwa kazi halali: mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliagiza watumiaji wa VPN kusajili matumizi yao. Kabla ya kusasisha, izime kwanza uone kama tovuti inafunguka bila hiyo.

Tovuti zote zinafunguka isipokuwa ya Microsoft na za antivirusi. Ni bahati mbaya?

Hapana, na katika maswali yote ya ukurasa huu hili ndilo linalonitia wasiwasi. Kirusi kilichoingia jambo lake la kwanza ni kufunga mlango ambao dawa ingepitia. Conficker, kirusi kilichoanza kuenea mwishoni mwa 2008, kilizuia mashine kilizoziambukiza zisifungue tovuti ya Microsoft wala za kampuni za antivirusi. Mwenye mashine aliona mtandao uko sawa kabisa. Mbinu hiyo haijazeeka.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni faili linaloitwa hosts, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Ni kama daftari la majina na anwani ambalo kompyuta hulisoma kabla ya kuuliza mtandao. Mtu akiandika humo kwamba jina fulani la Microsoft liko kwenye 127.0.0.1, yaani kwenye kompyuta yako mwenyewe, basi kila ukiita tovuti hiyo kompyuta inajigeukia yenyewe na haikuti kitu.

Fungua Notepad kama msimamizi, kisha ulifungue faili hilo kutoka ndani ya Notepad. Ukiwa kwenye dirisha la kuchagua faili, badili Text Documents iwe All Files, la sivyo hutaliona. Mistari inayoanza na alama ya # haina kazi, ni maelezo tu. Kwenye kompyuta ya nyumbani isiyoguswa, kwa kawaida mistari yote ni ya namna hiyo. Mistari isiyo na # yenye majina ya Microsoft, Adobe au antivirusi haikujileta. Nakili faili kwanza mahali pengine, ndipo uifute mistari hiyo.

Sasa nani aliiweka? Si lazima kirusi. Mara nyingi ni ile programu ya kuvunja leseni. Mtu anawekewa Windows au Photoshop ya wizi, na ili isigundulike, chombo kilichotumika kuivunja kinaziba njia ya kwenda kwa mwenye bidhaa. Mteja halipi leseni, sawa, lakini kuanzia siku hiyo mashine yake haipati tena matengenezo ya usalama, wala hakuna aliyemweleza. Alikuja mwalimu mmoja aliyevuka na meli kutoka Nansio, laptopu yake ina alama za wanafunzi wa madarasa matatu, haijasasishwa tangu siku aliyoinunua. Mistari ilikuwa zaidi ya ishirini. Hakujua lolote, na sikuona sababu ya kumlaumu yeye.

Ukishaifuta mistari, endesha Microsoft Defender Offline scan, iliyomo ndani ya Windows Security. Hii huwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows yenyewe haijaamka, wakati kirusi bado hakijapata nafasi ya kujificha.

Na DNS je? Nasikia ikibadilishwa inasaidia.

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kuibadilisha kunasaidia pale ujumbe unaposema DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, maana yake jina la tovuti halikupatikana. Jaribu 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Pia fungua Command Prompt uandike ipconfig /flushdns ili kompyuta isahau majibu ya zamani. Kama tatizo liko kwenye saa au kwenye faili la hosts, kubadili DNS hakutakusaidia chochote.

Nina Windows 7. Mbona kivinjari kinafunguka lakini kurasa nyingi za kupakua zinakataa?

Hapa naomba tusemezane ukweli. Windows 7 iliacha kupokea masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023. Tovuti zimeendelea mbele: lugha ya zamani ya kufunga mawasiliano, TLS 1.0 na 1.1, vivinjari vikubwa viliiacha mwaka 2020, na Windows 7 iliyowekwa kutoka kwenye diski ya zamani haijui lugha mpya mpaka ifundishwe.

Kama umeweka Windows 7 upya na Windows Update inagoma, sababu inayojulikana ni sahihi ya kidijitali, alama inayothibitisha kwamba sasisho limetoka kwa mwenye bidhaa. Microsoft waliacha kutumia sahihi za aina ya zamani, SHA-1, na Windows 7 isiyo na sasisho KB4474419 haiwezi kuthibitisha sahihi za aina mpya, SHA-2. Pakua sasisho hilo kwa kutumia kompyuta nyingine kutoka catalog.update.microsoft.com, ulilete kwa flashi.

Lakini hata ukifanikiwa, mashine hiyo usiifanyie miamala ya benki. Kama ina RAM ya GB 4 na diski ya SSD, inaweza kubeba Linux nyepesi, mfumo mwingine badala ya Windows, na ikakuhudumia vizuri kuchapa barua na kusoma barua pepe. Tumefanya hivyo kwa steshenari kadhaa na zinaendelea na kazi. Windows 10 nayo ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza.

Lazima nitumie Internet Explorer?

Hapana. Ushauri huo ni wa zama za Windows XP, ambapo ukurasa wa masasisho ulifunguka humo tu. Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Katalogi ya Microsoft sasa inafunguka kwenye kivinjari chochote cha kisasa.

Nimepata dirisha linasema kivinjari changu kimezeeka, nibonyeze nisasishe. Nibonyeze?

Usibonyeze. Funga dirisha lote. Chrome, Edge na Firefox hujisasisha zenyewe kutokea kwenye menyu yao, palipoandikwa About. Hakuna ukurasa wa filamu wala wa kupakua nyimbo wenye haki ya kukuletea sasisho la kivinjari.

Na ukitafuta sasisho kwenye Google, soma anwani kabla ya kubonyeza, hasa matokeo ya juu yaliyoandikwa Sponsored. Andika anwani ya mwenye bidhaa mwenyewe kwa mkono ukiweza.

Inafunguka nikitumia Wi-Fi ya ofisi, nikirudi kwenye hotspoti ya simu haishuki.

Windows huweza kuitambua hotspoti kama mtandao wa kupimiwa, na ikishafanya hivyo hushikilia masasisho mengi makubwa ili isimalize bando lako. Nia yake ni njema. Ingia kwenye jina la mtandao huo ndani ya Settings, uzime Metered connection kwa muda huo tu, kisha uirudishe. Usiku bando huwa rahisi zaidi, kwa hiyo mimi humwambia mteja aiache ikishusha akiwa amelala, chaja ikiwa imechomekwa.

Mwenye steshenari ya kompyuta nne au tano asipakue mara tano. Ndani ya Windows Update, chini ya Delivery Optimization, washa Allow downloads from other PCs na uchague Devices on my local network. Kompyuta zitagawiana zenyewe kilichokwisha kushuka. Kwa bei za bando tunazozijua, huu ni mpangilio ambao kila steshenari ingepaswa kuwa nao.

Niko gesti, Wi-Fi imeshika, kila tovuti inatoa onyo la cheti.

Mtandao unataka kwanza uingize neno la siri kwenye ukurasa wake, ila https inazuia usipelekwe huko. Andika neverssl.com, ukurasa wa kuingilia utajitokeza. Kosa kama hili hujitokeza pia bando linapokwisha, kampuni ya simu inapojaribu kukuelekeza ununue jingine.

Kwenye simu je?

Saa kwanza, kama kompyuta. Kisha, kwa Android 9 na kuendelea, tafuta Private DNS kwenye mipangilio. Wengi waliweka humo anwani ya kuzuia matangazo wakasahau. Irudishe kwenye Automatic.

Simu za Android 7.0 kurudi nyuma zina shida yao: haziutambui mzizi wa vyeti (cheti kikuu kinachothibitisha vingine) wa Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti, uitwao ISRG Root X1, na mzizi wa zamani uliozibeba uliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Tovuti nyingi mno hutumia vyeti hivyo. Firefox hubeba orodha yake ya mizizi badala ya kutegemea ya simu, kwa hiyo jaribu toleo lake ambalo simu yako bado inalikubali.

Nitajuaje kama tatizo ni mtandao wenyewe?

Jaribu kwa laini ya kampuni nyingine. Ikigoma kote, jaribu kwenye kifaa cha jirani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, watu walituletea kompyuta nzima kabisa, na wengine walikuwa wameshavuruga mipangilio iliyokuwa sawa wakitafuta kosa ambalo halikuwa kwao.

Nimejaribu yote. Na kufuta data za kivinjari?

Fungua kwanza dirisha la faragha, Incognito. Ikifunguka humo, tatizo ni kiongezi (extension) au vidakuzi (cookies). Zima viongezi kimoja kimoja, ukianza na vya kuzuia matangazo. Antivirusi iliyoisha muda nayo hujiweka katikati ya https. Iondoe, na Windows itawasha Defender yenyewe.

Kwa nini nisumbuke? Kompyuta inafanya kazi bila sasisho.

Machi 14, 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Mei 12 mwaka huohuo, miezi miwili baadaye, WannaCry ilipita kwenye tundu lilelile na kufunga mafaili ya watu duniani kote ikidai fidia. Waliosasisha tundu lao lilikuwa limezibwa. Nikikuta mashine ya duka yenye hesabu za mikopo ya wateja imezibiwa njia ya masasisho kwa miaka mitatu, tarehe hizo mbili ndizo ninazozikumbuka.

Nikileta dukani nije na nini?

Picha ya skrini yenye ujumbe mzima wa kosa, hasa yale maneno ya herufi kubwa. Chaja. Nenosiri la kuingilia, au uje mwenyewe uliandike. Tuambie kilichofanyika siku ile ilipoanza: uliweka programu gani, umeme ulikatika, ulihamia mtandao gani. Na ukishaambiwa mahali kwamba ipigwe Windows upya, usikubali kabla hujanakili mafaili yako kwenye flashi.